Machungwa ya Aabe

Mtu akimenya chungwa karibu nami, mimi huhama. Iwe harusini, iwe kwenye mkutano wa wazazi, iwe barazani kwa jirani hapa Garissa, harufu ile ikinifikia tu nainuka, na watu wamenizoea, wanadhani ngozi yangu haipatani na ndimu na machungwa. Nawaacha wadhani. Sisi tuliokulia kando ya barabara ya kwenda Dadaab, kila mmoja ana harufu yake anayoikimbia. Nina rafiki asiyeweza kuvumilia moshi wa tairi, na sijawahi kumuuliza sababu, kama yeye asivyoniuliza yangu. Leo naiandika kwa sababu Aabe, baba yetu, tumemzika, na dada yangu Hodan alifanya jambo siku ile ambalo mpaka sasa sijalimaliza moyoni.

Utotoni nilijua kwamba Aabe ni mfanyabiashara. Hakuna aliyeniambia. Nililipata kwa akili yangu mwenyewe, na akili ya mtoto ikishakata shauri hairudi nyuma. Baba za wenzangu walikuwa na ngamia, au duka la unga na sukari. Wangu alikuwa na bunduki na safari. Aliondoka na wanaume wawili watatu, akapotea siku kadhaa, kisha akarudi na bidhaa: kiatu cha kike cha mguu mmoja, redio iliyokuwa bado inasema, saa ya mkono yenye kamba fupi mno kwa mkono wake, blanketi lenye jasho la mtu nisiyemjua. Kilichonisumbua ni kimoja tu, kwamba wauzaji walikuwa wakimpunja.

"Aabe hajui kununua," nilimwambia Hodan siku moja. "Anauziwa kiatu bila mwenzake."

Hodan alikuwa amemaliza Form Four na alikuwa anangoja nafasi ya chuo cha ualimu. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye niliyelala naye mkeka mmoja. Akasema, "Abaayo, nenda kachote maji." Abaayo ni dada, na alikuwa akiniita hivyo alipotaka nisiulize zaidi.

Nyumbani Aabe alikuwa mpole, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Laiti angekuwa mkatili kwetu, ningekuwa na kazi rahisi. Alinibeba mabegani nikashika masikio yake. Alikamua ngamia wetu wa maziwa huku akimwimbia, na mnyama yule hakukubali mkono mwingine isipokuwa wake na wa Hooyo, mama yetu. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuswali. Hooyo akitandika mkeka wake, Aabe alitoka nje kukagua ua wa miiba, na ua ule sijui kama kuna ua mwingine duniani uliokaguliwa mara tano kila siku.

Machungwa yalikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Aliyaleta kwa mkokoteni wa punda, magunia yamejaa mpaka kushonwa. Kwetu chungwa lilikuwa kitu cha mgonjwa au cha Idi. Lilitoka kwenye mashamba ya mto Tana, likapita kwetu juu ya lori likielekea soko la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na sisi tuliona rangi yake tu likipita. Sasa yalikuwa kwetu, yamemwagika mpaka chini ya kitanda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aabe hakucheka. Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, anasugua kwa mchanga, anamwaga, anaanza upya, na Hooyo hakumgombeza kwa maji yale, jambo ambalo lilipaswa kunifundisha kitu.

Gunia moja lilikuwa na machungwa mekundu. Wekundu wake ulikuwa wa kukauka, umeshika ganda kwa mabaka, mengine yameshikana. Nikajua hayo ndiyo yaliyoiva kupita yote, kwa sababu embe likiiva huwa jekundu, na sikuwa na elimu nyingine ya matunda. Nikachagua mazuri kuliko yote, nikayapeleka nyuma ya nyumba, nikayaosha kwa kopo la maji ya kunywa. Rangi ilitoka, ikapita kati ya vidole vyangu, ikazama mchangani. Nilisikitika kidogo kwamba kuiva kwake kunaoshwa. Kisha nikampelekea Hodan, kwa kuwa yeye ndiye niliyempenda zaidi, na tukala pamoja mpaka videvu vikanata.

Hooyo aliliona gunia. Hakupiga kelele. Alivuta mtandio akaziba mdomo, akamwendea Aabe, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani?"

"Kijana wa lori," Aabe akasema. "Nilimwambia ashuke. Alikumbatia magunia kama mali ya mamake. Nikamwambia mara ya pili."

"Jina lake?"

Aabe hakujua jina lake. Kabla ya adhuhuri alichukua bunduki na kibuyu cha maji akaingia vichakani, na mimi nikampungia mkono. Hooyo aliwasha makaa, akatia ubani, akajaza nyumba moshi mpaka tukakohoa. La kuvunda halina ubani. Harufu ya machungwa ilikaa pale pale.

Jina lilitufikia siku iliyofuata kwa watu wa barabarani. Aliitwa Abdi. Alikuwa utingo aliyeshinda safarini hata sura yake wengi hatukuijua, mtoto wa mjane aitwaye Dahabo aliyeishi upande wa pili wa barabara, mwendo wa kuonana moshi wa jikoni. Walikuwa ukoo mwingine, lakini kisima kilikuwa kimoja. Tulikuwa tukimwita Eddo Dahabo, yaani shangazi, kwa heshima tu. Abdi aliacha mke na watoto wawili wadogo, na ndugu mmoja, Guled. Magunia aliyoyakumbatia hayakuwa hata yake. Alikuwa ameambiwa na tajiri wake kwamba yakipotea asirudi. Hodan alisikia habari hiyo akiwa anapepeta mchele. Aliliangalia gunia lile jekundu, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu.

"Yale uliyoniletea," alisema. "Uliyaosha?"

"Ndiyo," nikasema, nikingoja anisifu.

Alitapika mpaka akatapika nyongo. Hooyo alimshika paji la uso. Mimi nilisimama pale nikilia kwa hasira, maana nilikuwa nimeosha vizuri sana.

Guled hakungoja wazee. Alikuja mchana na vijana wa kwao, wakamkosa Aabe, wakamkuta ngamia. Sijui kama umewahi kuona ngamia akikatwa mishipa ya miguu ya nyuma. Analia kwa sauti inayofanana na ya mtu, anakaa kama mbwa, kisha anajaribu kusimama. Anajaribu tena na tena, hajui kwamba miguu haipo. Maziwa yalikuwa yakimdondoka pamoja na damu, kwa kuwa ulikuwa wakati wake wa kukamuliwa. Hooyo ilibidi amchinje mwenyewe kwa kisu cha jikoni, huku Guled amesimama akitazama, panga limelowa, machozi yakimtoka. Alikuwa mdogo kwa Abdi, ndevu zake hazijakamilika.

"Mwambie mumeo," alimwambia Hooyo, "nitarudi kwa kila kinachopumua hapa."

Ndipo wazee wakaingia kati. Ukikua kwetu unajua kwamba damu hulipwa kwa ngamia, na ukoo mzima hubeba mzigo, anayeua na asiyeua. Ngamia walikubaliwa. Lakini Guled alikuwa bado ana panga, na wazee wakatafuta kitu cha kuzima moto kabisa. Upo mtindo wa zamani ambao wengi siku hizi wanauonea haya: familia ya muuaji hutoa binti aolewe na familia ya marehemu, ili watoto atakaowazaa wafunge jeraha. Adeer Bille, kaka mkubwa wa Aabe, ndiye aliyelitaja jina la Hodan. Alilitaja akiwa amekaa kwenye mkeka wetu, anakunywa chai yetu.

Hodan alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Adeer," alisema, "mimi nilimuua nani?"

"Hakuna aliyesema umeua, binti yangu. Tunasema utaokoa. Wallahi, thawabu yako itakuwa kubwa."

"Basi chukua thawabu wewe. Una mabinti watatu."

Adeer Bille alinyanyua bakora yake, Hooyo akasimama katikati, na birika likaanguka. Chai ya moto ilimuunguza Hooyo mguu na kovu analo. Lakini ngumi ya mwanamke mmoja haipasui mkutano wa wazee. Hodan angepewa Guled.

Na mimi? Mimi nilifurahi. Nisamehe, au usinisamehe, nilikuwa mtoto. Niliona hina, niliona gauni jepesi la maua lililoletwa kutoka Garissa, niliona halua. Nilijua watu wakigombana sana mwisho huwa harusi, nikadhani ndivyo ugomvi unavyoisha kote ulimwenguni. Nilimuuliza Hodan kwa nini halii kidogo tu kama maharusi wengine wanavyolia kwa adabu. Alisema machozi ameyaweka akiba. Usiku alinikumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikaniuma.

Siku yenyewe tulivuka barabara kwa miguu, wanawake mbele, Hodan katikati amefunikwa shela, wazee nyuma na ngamia wa fidia. Hakuna ngoma. Kwenye ua wa Eddo Dahabo wanaume walikuwa wamekaa upande mmoja, na Guled alikuwa na kanzu mpya na uso wa mtu aliyeletwa kwa lazima. Eddo Dahabo alikaa kwenye kigoda, amempakata mtoto wa Abdi. Hakuinuka kutupokea.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alitokea upande wa Dagahaley, peke yake, amenyoa kichwa na ndevu, amevaa nguo mbili nyeupe zisizoshonwa, moja kiunoni, moja begani. Nilikuwa nimeona mavazi hayo kwenye picha ukutani madrasa: ndivyo wanavyovaa mahujaji Makka. Mambo yote yakanikaa sawa kichwani. Safari ndefu, ukimya wa watu wazima, kurudi siku ya harusi! Nikaruka, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Aabe ametoka Hija! Aabe ni Haji! Haji!"

Na wanawake, ambao walikuwa wakitafuta sababu yoyote ya kufungua koo tangu asubuhi, wakapiga vigelegele. Kigelegele kikiwa kimeanza hakikamatiki. Kilipita kwa mmoja mpaka kwa mwingine, mpaka upande wa kina Eddo Dahabo wakapokea. Muuaji aliingia kwenye ua wa marehemu kwa vigelegele, na mwanzilishi nilikuwa mimi.

Kisha vikakatika. Watu walikuwa wameona kile ambacho mimi sikukiona, kwamba nguo zile zilikuwa na harufu ya karafuu maiti, na zilikuwa sanda.

Aabe hakutazama upande wetu. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akalaza bunduki mchangani, mdomo wake ukimwelekea yeye mwenyewe.

"Eddo," alisema, "nilikuwa sijui jina lake. Sasa najua. Nimejiosha, nimejivika, hamna kazi ya kunitayarisha. Ngamia ni wa ukoo, kuleni. Lakini binti yangu hakuua. Damu iko kwangu. Ichukueni kwangu."

Adeer Bille alianza kusema jambo kuhusu makubaliano. Guled hakumsubiri amalize. Aliokota hangool, ile fimbo ya mchungaji yenye ndoana upande mmoja na panda upande wa pili, inayovuta matawi ya miiba, akampiga nayo Aabe usoni. Nilisikia mfupa. Aabe alianguka, akarudi kwenye magoti. Guled akapiga tena. Kila akianguka Aabe alirudi kwenye magoti, na nilimkumbuka ngamia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kitu kimoja kikiungana na kingine: kiatu bila mwenzake, beseni la maji, mekundu niliyoyaosha. Nilielewa yote kwa pamoja, nikakojoa pale nilipokuwa nimesimama. Hooyo alinifunika macho kwa kiganja lakini niliona katikati ya vidole vyake. Jicho la kushoto la Aabe lilitoka damu, na nguo ya begani haikuwa nyeupe tena. Mikono yake aliiweka mapajani. Hakuinyanyua hata kujikinga.

Guled alitupa hangool akachukua bunduki.

"Lete," Eddo Dahabo alisema.

Alikuwa ameinuka, mtoto amempa mtu. Guled alisita, akampa bunduki. Yeye akaiweka kando, akaokota hangool, akampiga Aabe pigo moja begani. Lilikuwa pigo la mwanamke mzee, halikumwangusha. Kisha akakaa mchangani mbele yake akalia, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilizaa wawili," alimwambia Aabe. "Mmoja umemla. Huyu wa pili nikimwacha akuue, atakuwa wewe. Simtaki awe wewe." Akamgeukia Adeer Bille. "Rudisha msichana kwa mamake. Kila nikimwona jikoni kwangu nitamwona huyu. Ngamia nitachukua, yatima wanakula. Na huyu mpelekeni serikali, akaseme kwa mdomo wake mwenyewe alichofanya."

"Na msamaha, Eddo?" mzee mmoja akauliza. "Tuandike tumesameheana?"

"Msamaha ni wangu. Nikiupata nitawaita."

Hodan alikuwa amevua shela. Alipita mbele ya Aabe bila kusimama, akavuka barabara, akaenda zake nyumbani. Nilimkimbilia. Hakunishika mkono.

Aabe alikiri, akafungwa, na nilikua bila yeye. Hodan alienda chuo, akawa mwalimu, akaolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe. Aabe aliporudi alikuwa mzee wa jicho moja, na alikuwa amejifunza Kiswahili gerezani kwa wafungwa wa kila kabila. Alipenda kukizungumza nasi, sisi tuliosoma, kwa majivuno fulani, ingawa p yake ilikuwa b na z yake ilikuwa s.

"Mimi iko na siku moja ya kubadilika," aliniambia. "Huko Dagahaley, mimi najificha kwa maalim wa madrasa. Watu wa lori wananiambia jina la Abdi, wananiambia harusi ya Hodan. Kijana moja anakufa, mgeni, hana watu. Maalim anasema, wewe, kuja tuoshe. Mimi nimeua, lakini mimi habana osha mtu hata siku moja. Kuua ni kubumua tu. Kuosha ni asubuhi msima. Kichwa, mkono, kidole, kucha. Bole bole. Mimi nikamaliza, nikasema, maalim, nibatie nguo ingine kama hii."

Tangu hapo hakukosa swala. Kila Ijumaa alivuka barabara kumsalimia Eddo Dahabo, akakaa nje ya ua, hakuingia. Mwanzo alirushiwa mawe na wajukuu. Baadaye aliletewa maji. Eddo Dahabo alikufa bila kuwaita wazee wale, na Aabe alikubali hivyo. Siku ya maziko ya Eddo, Guled, mwenye mvi sasa, alimwona Aabe amesimama mbali makaburini, akamnyooshea jembe. Aabe alichimba mpaka wakamwambia inatosha.

Lakini Hodan hakuwahi kuzungumza naye. Alimtumia dawa, alimtumia godoro, salamu hakutuma. "Aliuzima moto aliouwasha mwenyewe," aliniambia. "Nimshukuru kwa lipi?" Nilimpenda Aabe, na nilijua dada yangu ana haki, na hayo mawili yamenichosha maisha yangu yote.

Aabe alipofariki, Hooyo alifungua sanduku lake la bati akatoa zile nguo mbili. Alikuwa amezihifadhi kama zilivyotoka mwilini mwa Aabe siku ile. Wosia wake ulikuwa azikwe nazo. Damu ilikuwa imekuwa kahawia, ngumu, imekunja kitambaa. Maalim wa msikiti wetu alisema sanda yenye najisi haifai, lazima ioshwe kwanza. Nikachukua beseni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuchumaa pale pale nilipochuchumaa nikiwa mtoto. Nilipotia nguo ndani maji yakageuka rangi, na mikono yangu ikakataa. Harufu ya machungwa ilinijaa puani, na hapakuwa na chungwa.

Nikasikia mtu akichuchumaa kando yangu. Hodan alikuwa amefika kutoka shuleni kwake, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Alikunja mikono ya buibui, akavuta beseni taratibu kwake.

"Abaayo," alisema, "yale machungwa ulinioshea wewe. Hii niachie."

Akamwaga maji yale mchangani, akaomba mengine, akaanza kusugua.